Mgonjwa wa Siku ya Salongo

Kwa miaka zaidi ya ishirini sikushika jembe la salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, hata mara moja. Jumamosi asubuhi mtaa mzima hutoka kuzibua mitaro na kuzoa udongo ulioporomoshwa na mvua, kwa sababu huku Kadutu, mjini Bukavu, nyumba zetu zimepandana mlimani, na takataka za jirani wa juu ni shida ya jirani wa chini. Shefu wa avenue, mkuu wa barabara yetu, alikuwa akipita na filimbi mdomoni kuhesabu nani ametoka na nani amejificha. Mimi sikujificha. Nilikuwa nakaa mbele ya mlango wangu, kwenye kiti, shati limefunguliwa vifungo viwili. Kimoja kisingetosha na vitatu vingekuwa maringo. Viwili vilionyesha mwanzo tu wa kovu langu, mstari mnene unaoanza chini ya koo na kushuka katikati ya kifua. Shefu akiuona alitoa filimbi mdomoni, akasema kwa sauti ya msibani, "Prof, pumuzika tu," kisha akaenda kumpulizia mwingine.

Naandika haya kwa aibu, lakini ni aibu ya mtu ambaye amekwisha kukamatwa.

Nilizaliwa na moyo ambao haukumalizika kutengenezwa. Kulikuwa na tundu mahali palipotakiwa kuwa na ukuta, na njia ya damu kwenda kwenye mapafu ilikuwa nyembamba. Midomo yangu na kucha zangu vilikuwa na rangi ya wino. Nikikimbia hatua kumi nilichuchumaa katikati ya njia hadi pumzi irudi, na watoto wengine, wakidhani ni mchezo, walichuchumaa pamoja nami. Nilipofika miaka minane, masista wa parokia walipata njia ya kunipeleka Ulaya. Huko walinifungua, wakaziba tundu kwa kiraka, wakapanua njia. Nilikaa miezi mitano kwa familia iliyonipokea, nikarudi nimenenepa, nina masweta manne na Kifaransa cha puani kilichoudhi kila mtu. Mama aliponipokea uwanja wa ndege hakunikumbatia kwanza. Alinishika mdomo wa chini, akauvuta, akauangalia kama mtu anayechunguza kama kitambaa kitachuja, kisha akapiga vigelegele mpaka askari wakageuka.

Kwetu moyo tunauita roho, kwa hiyo habari ilienea mtaani kwamba Wazungu wamenibadilishia roho. Wengine walisema nimewekewa ya mtoto wa Kizungu. Wengine walisema ni mashine. Mimi, ambaye nilijua ukweli, nilichagua mashine. Shuleni nilitangaza kwamba ina betri, pile nne kubwa kama za radio. Kwa andazi moja nilikuruhusu uweke sikio kifuani mwangu. Kwa maandazi mawili nilibana pumzi ili usikie mashine ikibadilisha gia. Mwaka ule wa kwanza nilinenepa zaidi kuliko kule Ulaya.

Hapo ndipo niligundua faida ya kovu, na mtu wa kwanza kuumia kwa ugunduzi huo alikuwa dada yangu. Alinizidi miaka minne. Mama alimwambia, "Umuangalie ndugu yako, asichoke," na yeye akaitii kauli hiyo kama amri ya kanisa. Asubuhi tulishuka pamoja hadi bombani, kisha tukapanda: yeye na bido, yaani dumu, ya lita ishirini kichwani, ambayo ilikuwa yake, na ndogo ya lita kumi mkononi, ambayo ilikuwa yangu. Mimi nilibeba vifuniko. Nikaona hata vifuniko vinanichosha, nikawa navitia mfukoni mwa gauni lake.

Katika dosye, faili la hospitali, niliyorudi nayo kulikuwa na barua ya madaktari. Mstari wake wa mwisho ulisema kwamba mtoto huyu aonwe na daktari kila mwaka, maisha yake yote. Mama hakujua Kifaransa kingi, lakini huo aliushika. Kila likizo kubwa alinivalisha shati jeupe na kunipeleka hospitali. Nilipoingia chuo nilimwambia, "Mama, mimi sasa ni mutu muzima. Nitajipeleka." Sikujipeleka. Mimi, msomi wa familia, ndiye niliyeamua kwamba "maisha yake yote" ni adabu tu ya kufunga barua, kama watu wanavyoandika "wako daima" kwa mtu ambaye hawatamwona tena. Nilikuwa nimepona. Na kama nimepona, daktari wa nini?

Msomaji mwangalifu ameona tatizo. Mbele ya daktari nilikuwa mzima, mbele ya jembe nilikuwa mgonjwa. Niliishi hivyo bila kusumbuka, kama mtu mwenye paspoti mbili. Nikawa mwalimu wa jografia kwenye shule ya sekondari. Nilichora milima yote ya nchi ubaoni kwa chaki ya rangi, pamoja na urefu wake kwa mita, na sikupanda hata mmoja. Nilipooa, nilimwambia mke wangu kuhusu moyo siku ya tatu ya ndoa, siku ambayo kulikuwa na gunia la makaa la kuingiza ndani. Aliliingiza yeye.

Kisha jino likavunjika.

Nilikuwa na miaka arobaini na miwili. Tulikwenda Walungu kwenye mahari ya mwalimu mwenzangu, na mbuzi waliyetuchomea alikuwa na mfupa uliojificha. Jino lile lilikuwa bovu siku nyingi. Nalo sikulipeleka kwa mtu. Maumivu yalipanda hadi sikioni. Jirani na soko kulikuwa na bwana mmoja aliyeng'oa meno, ana kiti cha plastiki, beseni na koleo zilizochemshwa. Alikuwa mtu mwenye utaratibu, sitaki kumsema vibaya. Kabla ya kunigusa aliniuliza, "Papa, uko na ugonjwa fulani? Ya sukari, ya tansiyo, ya roho?"

Nikamjibu, "Apana. Mimi niko muzima kabisa."

Ilikuwa Jumamosi. Nadhani ndiyo Jumamosi pekee ya utu uzima wangu niliyosema hivyo. Kulikuwa na wazee wa bibi harusi wamesimama karibu, na sikutaka waone kwamba upande wetu umeleta watu wabovu.

Baada ya wiki mbili homa ilianza. Ilikuja jioni, ikanitetemesha, ikaniacha nimelowa jasho, na asubuhi nikaenda kufundisha. Nikanunua dawa ya malaria kwenye duka la dawa, nikameza, ikatulia, ikarudi. Nikameza tena. Mara ya tatu nikabadilisha ugonjwa: nikasema hii ni tifoide, nikanunua vidonge vya tifoide, nikavimeza nusu, kwa sababu siku ya nne nilijisikia vizuri. Suruali zilianza kuteleza. Nilipoishiwa magonjwa nilihamia kwa watu. Huku kwetu kuna karuho, sumu ya polepole ambayo hulaumiwa kila mara mtu anapokonda bila sababu. Nikakumbuka kwamba mwalimu wa kemia tuligombana kuhusu ratiba ya saa za darasa. Mtu wa kemia! Nikaanza kukataa chai ya walimu. Nilimwangalia yule maskini akinywa kikombe chake, nikawaza jinsi alivyo mjanja, anakunywa kana kwamba si yeye.

Mke wangu alivumilia mwezi mmoja na siku chache. Asubuhi moja alisimama mlangoni na kitenge cha kutokea, akasema, "Papa ya batoto, leo hauendi ku masomo. Tunashuka ku santé."

Santé ni kituo cha afya cha mtaa wetu: vyumba vinne, benchi moja refu, na mama muganga mmoja ambaye amekaa pale muda mrefu kuliko rangi ya kuta. Ni muuguzi, si daktari, lakini huku wote tunawaita waganga. Mfupi, miaka hamsini na kitu, kifaa chake cha kusikilizia moyo kimefungwa plasta mahali mpira ulipopasuka. Aliniambia nivue shati. Mkono wangu, kwa mazoea, ukafungua vifungo viwili, ukasimama.

"Yote, Prof," akasema. "Mimi siko shefu wa avenue."

Sikujua kwamba anaijua habari ile. Nikavua. Akaliona kovu lote. Akanisikiliza mbele, pembeni, mgongoni, macho amefumba. Akarudi mbele tena. Akanishika mkono, akaupeleka dirishani, akaangalia kucha moja moja. Chini ya kucha mbili kulikuwa na vistari vyekundu vyembamba kama vibanzi vilivyoingia. Mimi nilikuwa nimeviona, nikadhani ni chaki.

"Ulitosha jino?"

Nikashangaa. "Mama, umejuaje kwamba niling'oa jino?"

"Niliuliza, ulitosha jino?"

"Ndiyo. Kule Walungu."

"Yule wa meno, ulimuambia kama roho yako ilipasuliwa?"

"Hakuniuliza vizuri."

"Alikuuliza namna gani?"

"Aliuliza kama niko na ugonjwa wa roho."

Mke wangu aligeuza uso kunitazama. Mama muganga akakunja kifaa chake.

"Na ukajibu nini?"

"Nilisema niko muzima."

"Ah bon," akasema. "Kumbe iko na siku zenye uko muzima."

Mke wangu alikuwa analia, lakini hapo kicheko kilimtoka puani, akakifunika na kitenge. Mama muganga hakucheka. Alituelezea polepole, kana kwamba anasomesha darasa la kwanza, na nilistahili. Jino likitoka, vijidudu vya mdomoni huingia kwenye damu. Kwa mtu mwingine hupita. Lakini ndani ya moyo wenye kiraka kinachovuja pembeni, vinaweza kupata mahali pa kujishikiza, vikakaa na kuzaana. Alidhani vyangu vimekaa. Akaandika karatasi ya kunipeleka hospitali kubwa, akapiga mistari miwili chini ya neno 'haraka', na akaninyooshea kidole: "Usimeze tena kidonge hata kimoja mpaka bachukue damu. Hata kile kya mufuko ya shati."

Kilikuwemo kweli. Nikakitoa, nikakiweka mezani kwake kama mwanafunzi aliyekamatwa na karatasi ya kuibia mtihani.

Hospitali walichukua damu, wakangoja siku chache, wakakubaliana naye. Nikakaa kitandani wiki sita na mpira kwenye mkono, dawa ikiingia mara nyingi kwa siku. Sitasema uongo kwamba nilikuwa jasiri. Wiki ya kwanza nilimwita padri mara mbili. Mara ya pili aliniambia kwa upole kwamba sijapata dhambi mpya za kutosha.

Dada yangu alifika siku ya tatu. Ameolewa Sange, kwenye uwanda wa Ruzizi, analima mpunga na vitunguu, na njia ile ya milimani kutoka huko hadi Bukavu si ya mtu wa kutalii. Alishuka garini na sufuria mbili, godoro jembamba la kukunja, na goti la kulia lililovimba. Mke wangu alikuwa na watoto na shule. Dada akasema yeye ndiye atakuwa gadimalade, mlinzi wangu wa hospitali, na hapakuwa na mjadala.

Bomba la maji lilikuwa uani, na sisi tulikuwa ghorofa ya pili. Kila asubuhi nilisikia kandambili zake zikishuka, kisha kimya, kisha zikipanda polepole, mguu mmoja mzito kuliko mwingine. Katika kila ngazi goti lile lilitoa mlio. Nililala na kulisikiliza. Ngazi zilikuwa thelathini na mbili. Mtu aliyelala wiki sita hupata muda wa kuhesabu. Siku moja alipoingia na ndoo nilimwambia kwa jina letu la dada mkubwa, "Yaya, unisamehe."

"Ya nini?"

"Ya maji. Toka zamani."

Akamimina maji kwenye beseni, akakamua kitambaa. "Ulikuwa mugonjwa," akasema. "Mugonjwa haombi musamaha. Geuka, nikuoshe mugongo."

Nikageuka. Hapo ilikuwa nafasi ya mtu mwema kusema ukweli wote. Nilisema maji yana baridi.

Dawa zilipokwisha, homa imekwisha na suruali zinaanza kunishika tena, nilipewa siku ya kuonwa na daktari wa moyo. Ni daktari ambaye wakati ule alikuwa akija Bukavu mara chache kwa mwaka na mashine yake ya kuangalia moyo kwenye kioo. Chumbani tuliingia watu wanne: mimi, mke wangu, dada, na mama muganga wa mtaa, ambaye aliomba ruhusa ya asubuhi moja na kuja na kaye mpya, daftari la shule, chini ya kwapa. Alisema kama ni yeye atakayekaa na mimi, lazima asikie kwa masikio yake.

Daktari aliniangalia kwa muda mrefu. Moyo wangu ulikuwa pale kwenye kioo, kitu kidogo cha kijivu kinachopigapiga, na nilihisi haya kama mtu anayeonyeshwa akiwa bafuni. Akaeleza. Kiraka kinavuja kidogo pembeni. Mlango wa damu kwenda mapafuni nao haufungi vizuri. Unavumilia, lakini iko siku utahitaji kutengenezwa, na siku hiyo haitajulikana kama mtu haangaliwi. Kwa hiyo kila mwaka nionwe. Meno yawe safi, na kabla ya kung'oa jino nimeze dawa. Moyo ukianza kukimbia bila sababu, au nikizimia, nije siku ileile.

"Mpaka lini?" nikauliza.

"Maisha yako yote. Hawakukuandikia hivyo?"

Nikakubali kwamba waliniandikia.

Mama muganga alikuwa anaandika kila neno. Ilipofika zamu ya maswali, nilishusha sauti, ile sauti yangu ya Jumamosi, nikasema, "Na kazi za nguvu, daktari? Nafikiri ni afadhali nisijaribu."

"Kazi gani?"

"Kama vile salongo. Kama vile maji."

Akaangalia tena karatasi zake. "Ngoja miezi mitatu upate nguvu. Kisha tembea, panda mlima polepole, lima, beba maji. Itakusaidia hata. Usinyanyue tu mzigo mzito mpaka unabana pumzi."

Dada yangu, aliyekuwa amekaa pembeni akipapasa goti lake, aliinua kichwa.

"Dokteri, unisamehe. Bido ya litre kumi?"

"Kumi ni sawa kabisa."

"Na angeliweza toka lini?"

Daktari hakujua anaingia wapi. Akafunua dosye ya zamani, ile iliyotoka Ulaya, akapita ukurasa mmoja au miwili. "Hapa waliandika baada ya miezi michache aishi kama watoto wengine. Acheze, asome, asaidie kazi za nyumbani."

Barua ile niliisoma mimi mwenyewe, mezani kwetu, nikiwa na miaka minane na nusu. Nyumbani hakukuwa na mwingine wa kutafsiri. Mstari ule niliuruka.

Dada yangu alivua kandambili. Alisimama kwa shida, akaja mpaka kwenye kitanda cha kupimia nilipokuwa nimekaa bila shati, akanipiga nayo begani mara tatu. Alipiga bega la kulia. Hata katika hasira ile alichagua upande ulio mbali na moyo. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa sakafuni na goti lake limenyooshwa, machozi yanamtiririka, na kila alipotaka kusema aliishia kwenye neno moja tu: "Vifuniko! Vifuniko!" Daktari aliuliza kama huyu mama pia ni mgonjwa wake. Mama muganga akamwambia apana, ni mambo ya familia, na akaendelea kuandika.

Sikucheka. Nilipata maumivu ambayo mashine ile haikuweza kuonyesha. Dada alirudi Sange wiki ileile, na mpaka leo goti lake halijapona. Ninamtumia dawa ya kupaka. Anaipokea na kuniuliza kama ni mimi niliyeibeba mpaka garini.

Tangu hapo nina kaye. Inakaa kwenye kabati la santé, si kwangu, kwa sababu mama muganga alisema hamwamini mtu aliyeruka mstari. Kila miezi mitatu naenda. Nilijaribu kumkwepa mara moja. Nilimwambia kwa heshima zote kwamba yeye si mtaalamu wa moyo, na labda ningoje tu daktari wa kila mwaka.

"Ni kweli," akasema. "Mimi siko dokteri wa roho. Yeye anakuona siku moja kwa mwaka. Zile siku zingine zote ni zangu. Panda ku kilo."

Ananipima uzito na tansiyo, presha ya damu. Anamulika meno kwa tochi ya simu. Anauliza napumzika mara ngapi toka sokoni hadi nyumbani, na akiona nadanganya anamuuliza mke wangu. Amenikataza makayabu, samaki wa chumvi ambaye ndiye furaha yangu ya mwisho, kisha tukapatana mara moja kwa mwezi. Ananiuliza pia mambo yasiyo ya moyo: kama naona ubaoni, kama naamka mara nyingi kukojoa, kama nina huzuni. Hili la huzuni lilinishika ghafla. Nikasema sina, nikafunga kamba za viatu kwa muda mrefu kuliko viatu vinavyohitaji. Akaandika kitu. Sijui aliandika nini.

Siku nilipotoka kwenye salongo kwa mara ya kwanza, mtaa ulisimama. Shefu wa avenue alitoa filimbi mdomoni, akaishika mkononi, akasahau kuirudisha. Jirani mmoja alimuuliza mke wangu kwa sauti ya chini kama madaktari wamekata tamaa. Nilikuwa na jembe jipya, la kuazima, na glavu ambazo nilizinunua na ambazo hakuna mwingine aliyekuwa nazo. Baada ya robo saa nilikaa kwenye ukingo wa mtaro, nimeshika kifua. Mama muganga, anayekaa avenue ya pili, akaja na ufagio wake, akanishika mkono, akahesabu mapigo akiangalia saa.

"Iko roho, mama?" nikauliza.

"Iko uvivu," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka mtaro wa ng'ambo. "Simama polepole."

Nikasimama. Watu wengi walikuwa na mchango wa kutoa kuhusu jambo hilo na waliutoa hadi saa nne.

Siku hizi mambo ya mji yamebadilika, na daktari wa moyo haji kama zamani. Njia zimekuwa ngumu. Mama muganga anapiga picha kurasa za kaye yangu, anamtumia kwa simu, na mtandao ukitaka tunapata jibu. Mwaka huu bado sijapitishwa kwenye mashine. Anajua, ameandika juu ya jalada kwa kalamu nyekundu, na kila nikienda ananiambia amewauliza tena watu wa hospitali.

Mwezi uliopita dada alinipigia simu kutoka Sange. Alisema binti wa jirani yake, wa miaka ishirini, ana kovu kama langu. Alipasuliwa akiwa mdogo sana, na tangu aache kwenda hospitali na mama yake hajaonwa na mtu. "Ninakutumia yeye," akasema. "Umuambie vile ulifanyaka, afanye kinyume."

Binti alifika amevaa blauzi ya kola ndefu, katika joto. Akakaa kwenye kiti cha sebuleni, miguu pamoja. Nilimpa hotuba. Nilizungumza juu ya meno, juu ya homa, juu ya vistari kwenye kucha. Nilitumia hata kipande cha chaki kuchora vyumba vinne vya moyo mezani. Alisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha akasema, akiangalia mikono yake, "Prof, kuko kijana anataka kuja ku nyumba kujionyesha kwa wazazi. Nitaweza kuzaa?"

Nikafungua mdomo. Miaka kumi na minane ya ualimu ilikuwa tayari kujibu. Nikaufunga.

"Sijui," nikamwambia. "Lakini ninajua nani wa kuuliza."

Tukashuka santé pamoja. Mama muganga alimtazama, akanitazama, akasema, "Prof, weye ungojee inje." Nikakaa kwenye benchi refu kati ya mama mwenye mtoto wa kikohozi na mzee aliyefunga mguu. Walikaa ndani muda mrefu. Mara moja nilimsikia binti akilia kidogo, na baadaye nikawasikia wote wawili wakicheka, na sikuambiwa kwa nini. Alipotoka kola ilikuwa imefunguliwa na mkononi alikuwa na karatasi ya kupeleka hospitali.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Amesema inawezekana, lakini baangalie roho kwanza mbele ya mimba. Isiwe nyuma." Akaikunja karatasi mara nne. "Na kijana aje naye asikie."

Tukaanza kupanda kuelekea kwangu, ambako mke wangu alikuwa ametuwekea sombe, majani ya muhogo, na bugali. Kilima kile kina mteremko mbaya baada ya mvua. Binti alikuwa mwepesi, akanitangulia, na kwenye kona akasimama kuningoja. Nilipofika sikusema kitu, kwa sababu sikuwa na pumzi ya kusema kitu. Akaniuliza gari la kurudi Sange huondoka saa ngapi asubuhi. Nikainua vidole viwili, tukaendelea kupanda.